Kusafisha na kuskani mikanda nyeusi-nyeupe nyumbani: dawa ipi na skana ipi kwa maji ya joto la pwani?

Mwambao35

Wakuu, habari za leo. Naomba michango yenu kabla sijaagiza vitu.

Natumia mikanda ya Ilford: HP5 Plus zaidi, na FP4 Plus mara chache, zote 35mm. Ni mkanda mmoja au miwili kwa mwezi. Niko Dar es Salaam, maji yanatoka kwenye simtanki juu ya paa: nyuzi 27 alfajiri, mchana yanapanda zaidi. Tayari nina tangi la Paterson la rili mbili, mfuko wa giza, kipimajoto, na kamera ya dijitali ya APS-C yenye megapikseli 24.

Dawa za kusafishia (divelopa) ninazolinganisha ni ID-11 au D-76 ya unga, HC-110, Rodinal, na ile ya kahawa (Caffenol). Upande wa kuskani ni Epson V600, Plustek 8100 au 8200i, au kamera niliyo nayo pamoja na lenzi ya makro.

Sichapi kwenye karatasi za chumba cha giza. Picha zitaishia kwenye skrini, na chapa za A4 mara mojamoja. Ipi inastahimili joto, na ipi inaweza kurudiwa ikatoa matokeo yaleyale?

chumba_giza

Karibu mkuu. Anza na maji, dawa itafuata.

Dakika zinazoandikwa kwenye boksi la mkanda ni za nyuzi 20. Joto likipanda, dawa inakimbia. Muda wa dakika 10 kwa nyuzi 20 unashuka hadi kama 7 kwa nyuzi 24, na kwa nyuzi 27 unabaki dakika 5 na nusu hivi. Tatizo linaanza muda ukishuka chini ya dakika 5: sekunde unazotumia kumimina na kumwaga zinakuwa sehemu kubwa ya muda wote, dawa haienei sawasawa, na mbingu inatoka na mawimbi karibu na matundu ya pembeni. Kwa hiyo mtu wa pwani anahitaji dawa ambayo kwa asili yake inachukua muda mrefu, ili hata joto likiufupisha ubaki wa kutosha.

Tazama HP5 Plus kwenye ID-11. Dawa mama, yaani iliyokorogwa kutoka kwenye pakiti bila kuongezewa maji, ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Ukichanganya 1+1 (sehemu moja ya dawa, moja ya maji) ni 13. Ukichanganya 1+3 ni 20. Sasa peleka hadi nyuzi 27: dawa mama inashuka hadi dakika 4 na robo, hiyo achana nayo. 1+1 inakuwa 7 na nusu, inafaa. 1+3 inakuwa kama 11 na nusu, na hapo unafanya kazi kwa utulivu bila kipande cha barafu.

Watu huhofia 1+3 kwa sababu wanaiweka kwenye ml 300. Hapo dawa mama inakuwa ml 75 tu, inachoka kabla kazi haijaisha na negativu inatoka nyepesi. Wewe una tangi la rili mbili, basi tumia ml 600 kwa mkanda mmoja: dawa mama 150 + maji 450. Ukifanya 1+1 kwenye ml 300 unatumia 150 + 150. Dawa mama ni ileile, gharama ileile, lita moja inasafisha mikanda sita kwa njia zote mbili. Kilichobadilika ni maji.

Rili yenye mkanda iwe chini, rili tupu juu yake ili ile ya chini isipande kwenye nguzo wakati wa kupindua. Na nguzo ya katikati usiisahau kabisa: ndiyo inayozuia mwanga usipite kwenye mdomo wa tangi. Bila nguzo mkanda wote unaungua.

Kupindua: mara 4 ndani ya sekunde 10 za kwanza, gonga tangi mezani viputo vitoke, kisha mara 4 kila dakika inapoanza. Ukizidisha, dawa inapita kwa kasi kwenye matundu ya mkanda na kuacha michirizi.

Nairobi_Nyeusi

Nakubaliana na hesabu ya @chumba_giza, ila tusimsahau mtu asiyetaka kukoroga unga na kuhesabu tarehe. ID-11 iliyokorogwa inakaa miezi sita kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni. Chupa ikibaki nusu ni mwezi mmoja. Kwa mtu wa mkanda mmoja kwa mwezi, kuna hatari ya kumwaga nusu ya lita.

HC-110 ni sharubati. Unavuta kwa sirinji kiasi cha leo tu, iliyobaki inabaki kwenye chupa yake. Toleo la sasa ni jepesi kuliko lile zito la zamani, hivyo usilitegemee likae miaka na miaka kama watu wanavyosimulia, lakini bado linaishi muda mrefu kuliko unga uliokorogwa. Huku kwetu maji ya bomba hucheza karibu na nyuzi 20, basi mchanganyiko B (1+31) kwa HP5 ni dakika 5, kazi kwisha. Kwa ml 290 unapima ml 9 za sharubati, unajazia maji.

Kwa Dar, mchanganyiko B haufai: kwa nyuzi 27 unapata chini ya dakika 3. Wengi huuzimua mara mbili, 1+63, na kuongeza muda mara mbili. Huo si mchanganyiko rasmi wa Kodak, lakini unafanya kazi: dakika 10 kwa nyuzi 20, karibu dakika 5 na nusu kwa nyuzi 27. Hapa pia sheria ni ileile ya kiasi: mkanda mmoja usipate chini ya ml 6 za sharubati. Kwenye ml 290 za 1+63 kuna ml 4.5 tu. Kwenye ml 600 kuna zaidi ya 9. Tangi lako kubwa linakuokoa tena.

Rodinal ndiyo mkongwe wa wote, iko sokoni tangu 1891. Chupa iliyofunguliwa inageuka rangi ya kahawa na bado inafanya kazi. Uzuri wake ni ukali wa kingo, ubaya wake ni chembe kubwa, kwa sababu mchanganyiko wake una salfaiti kidogo sana, na salfaiti nyingi ndiyo inayolainisha chembe kwenye ID-11. FP4 kwenye Rodinal 1+50 (dakika 15 kwa nyuzi 20, kama 8 na nusu kwa 27) ni ndoa nzuri. HP5 kwenye Rodinal, chembe zinasimama mbele ya picha. Kuna wanaoipenda hiyo sura, mimi kwa picha za watu naiona ngumu mno. Ile njia ya 1+100 kuacha saa nzima bila kupindua, kwa joto la pwani nakushauri uikwepe: ukungu (weusi usiotakiwa kwenye mkanda mzima) unaongezeka na chini ya kila tundu la mkanda unatoka mstari.

Kitu kimoja ninachopinga: kusafisha kwa nyuzi 27 moja kwa moja. Poza hadi 24. Beseni, chupa mbili za maji zilizogandishwa, dakika kumi umemaliza. Kwa 24 ID-11 1+1 inakupa dakika 9 na nusu hivi, na bado uko ndani ya jedwali la kila mtengenezaji.

chumba_giza

@Nairobi_Nyeusi, ndugu yangu, kupoza divelopa ni rahisi. Kazi ni kuifanya ibaki hapo. Chumba kikiwa na nyuzi 30, ml 300 za dawa ya nyuzi 24 ndani ya tangi la plastiki zinapanda huku unapindua kwa viganja vyenye joto. Unaanza 24 unamaliza 26, na wiki ijayo unamaliza 25. Hapo ndipo kurudia kunapopotea. Halafu fiksa (dawa ya kuidumisha picha) iko kwenye 29, maji ya kusuuza 28. Mkanda unatoka kwenye baridi unaingia kwenye joto, dawa iliyopakwa juu yake inavimba ghafla. Mikanda ya sasa inavumilia kuliko ya zamani, lakini tofauti ya dawa na dawa isizidi nyuzi 2 au 3.

Ukiamua kupoza, poza vyote: chupa ya divelopa, chupa ya fiksa, jagi la maji ya kusuuza, na tangi lenyewe likiwa na mkanda, vyote ndani ya beseni moja la lita 10 au zaidi. Tangi lirudi beseni kila baada ya kupindua. Pima joto la dawa unapomimina na unapomwaga, tumia wastani kwenye hesabu.

Ambapo huna budi kupoza ni miezi ya joto kali, simtanki ikisoma 31 au 32. Juu ya nyuzi 30 sisafishi hata kwa 1+3. Dawa iliyopakwa kwenye mkanda inalainika na kidole kikigusa tu kinaacha alama.

Nairobi_Nyeusi

Hapo tumeelewana. Beseni la vyote, si la divelopa peke yake.

KahawaNaSoda

Naona mmeruka ya kahawa. Nieleze vizuri kwa sababu mapishi mengi yanayosambazwa yana makosa ya vipimo.

Caffenol ilianzia Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, mwaka 1995, kwenye darasa la kemia ya picha la Scott Williams. Kinachosafisha mkanda si kafeini, ni asidi za kahawa, ya kafeiki na jamaa zake. Kwa hiyo kahawa iliyotolewa kafeini nayo inafanya kazi. Inatakiwa kahawa ya kuyeyuka, si ya kuchemsha, na robusta ya bei nafuu hushinda arabika ya gharama. Africafe ya Bukoba inafaa sana.

Kwa lita moja: soda ya kufulia isiyo na maji ndani yake gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Hiyo ni ya mikanda ya ISO 100 hivi, kama FP4. Kwa HP5 unahitaji kizuia ukungu: bromaidi ya potasiamu gramu 1 kwa lita, au kwa asiye nayo, chumvi ya mezani yenye madini joto gramu 10. Kwa ml 300 za FP4 ni soda 16.2, vitamini C 4.8, kahawa 12. Mizani inayosoma 0.1 ya gramu ni lazima. Kijiko hakipimi, kwa sababu kahawa ya chengachenga na ya unga laini hazina uzito sawa kwenye kijiko kimoja.

Mpangilio: soda kwanza kwenye maji, koroga hadi maji yawe maangavu. Halafu vitamini C, itachemka povu, subiri itulie. Mwisho kahawa. Acha dakika 5 viputo vitoke, tumia ndani ya nusu saa. Haihifadhiwi.

Kwa nyuzi 27 anza na dakika 9, kisha rekebisha kwa mkanda wa majaribio.

Kasoro zake niseme bila kuficha. Inanuka. Inaacha rangi ya hudhurungi kwenye mkanda mzima, ambayo skana inaimudu lakini inafanya negativu ionekane nzito kuliko ilivyo. Na kopo moja la kahawa si sawa na jingine, hivyo kurudia matokeo yaleyale ni vigumu kuliko kwenye dawa ya kiwandani. Kwa swali la @Mwambao35, hii ni ya akiba pale mzigo wa dawa umekwama njiani.

Mwambao35

Asante sana mkuu. Soda ya kufulia ndiyo haya magadi ya sokoni? Au magadi soda ya kupikia?

KahawaNaSoda

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Unachotaka ni kaboneti ya sodiamu. Magadi soda ya pakiti, ya maandazi, ni bikaboneti. Nguvu yake ya alkali ni ndogo, divelopa haitaamka, utapata mkanda mtupu. Unaweza kuigeuza: itandaze kwenye trei ya chuma cha pua, oveni nyuzi 200 kwa saa moja, ukikoroga mara mbili tatu. Inatoa mvuke na hewa ya ukaa. Mizani ndiyo itakayokuambia kama imeiva: gramu 100 zinabaki kama 63. Zikibaki 75, rudisha.

Magadi ya mabonge, ya maharage na ugoro, ni mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti na maji, pamoja na chumvi na udongo. Kiwanda cha Ziwa Magadi kule Kenya hupasha hayohayo kupata soda iliyo safi, lakini kiwanda kinaosha na kupima. Wewe ukichukua bonge la sokoni hujui umeweka nini.

Njia rahisi: wauza dawa za mabwawa ya kuogelea na wauza malighafi za sabuni wanayo, inaitwa "soda ash". Soma mfuko vizuri. Kostiki soda ni kitu kingine kabisa, inaunguza ngozi na macho, isikaribie mchanganyiko huu. Ikiwa soda yako ni ya fuwele kubwa zenye maji, gramu 54 zinakuwa 146, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji.

Vitamini C iwe unga mtupu wa asidi askobiki. Vile vidonge vinavyotoa povu kwenye glasi vina asidi ya sitriki na bikaboneti ndani, vinaua alkali yote. Na usikorogee kwenye sufuria ya alumini: soda inaila alumini, utaona povu linaanza kutoka kwenye kuta za sufuria. Plastiki au kioo.

fundi_lenzi

Niingie kwenye kuskani.

Kwanza ondoa 8200i kwenye orodha. Inachozidi 8100 ni taa ya infraredi ya kuondoa vumbi, na taa hiyo haifanyi kazi kwenye mkanda wa fedha, yaani mkanda wa kawaida wa nyeusi-nyeupe. Chembe za fedha zinazuia infraredi kama vumbi linavyozuia, skana inadhani picha yenyewe ni uchafu na kuanza kuifuta. Inafaa mikanda ya rangi, na XP2 Super ambayo husafishwa kwa dawa za rangi. Wewe ni wa HP5, usilipie kitu ambacho utakizima.

Pili, namba za kwenye boksi. V600 imeandikwa 6400 dpi (nukta kwa inchi). Inachokiona kweli kwenye 35mm ni karibu 1,500. Plustek imeandikwa 7200, inaona zaidi kidogo ya 3,000. Kamera yako ikiujaza fremu nzima ina pikseli 6000 kwenye milimita 36, sawa na kama 4,200 kwa inchi, kisha lenzi inaamua kiasi gani cha hizo ni ukweli. Kwa A4 yenye 300 dpi unahitaji takriban pikseli 3500 upande mrefu. V600 kwa 35mm inafikisha 2,100 za kweli. Plustek inatosha. Kamera inatosha na kubaki.

Lenzi: sensa ya APS-C ina upana wa milimita 23.5 hivi, fremu ni 36, kwa hiyo unahitaji ukuzaji wa 0.65 tu, si 1:1. Micro-Nikkor 55mm ya zamani, f/3.5 au f/2.8, peke yake inaishia 1:2, yaani 0.5. Ongeza ringi ya milimita 12 kati ya lenzi na kamera, umefika. Lenzi hizi zinapatikana zilizotumika na hazihitaji umeme wowote. Lenzi ya kawaida ya 50mm f/1.8 na ringi za milimita 32 hivi inaweza kuanza nayo, lakini pembe zitakuwa laini hata kwa f/8, kwa sababu haikutengenezwa kuona kitu bapa kwa karibu.

Taa: paneli ya LED yenye CRI (kipimo cha usahihi wa rangi ya mwanga) 95 au zaidi. Kwa nyeusi na nyeupe rangi ya taa haisumbui sana kama kwenye rangi, shida ni paneli za bei ya chini zinazopepesa. Ukipiga kwa kasi ya 1/250 utaona mistari ya giza, shuka hadi 1/30 au polepole zaidi. Skrini ya simu kama taa inawezekana iwapo negativu iko juu yake kwa sentimita 5 au zaidi na katikati kuna plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga. Ukikaribisha zaidi, nukta za skrini zinaingia kwenye picha.

Kinachoharibu kazi za wengi ni kamera kutokuwa sambamba na mkanda. Weka kioo cha kujitazamia pale mkanda unapokaa, washa skrini ya kamera, sogeza hadi uone lenzi ikijitazama yenyewe katikati kabisa ya fremu. Ikiwa pembeni hata kidogo, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine laini. Kaza standi, ondoa kioo, weka negativu.

Kisha: ISO 100, f/8, faili ghafi, kipima muda cha sekunde 2. Lengesha kwa kukuza picha kwenye skrini hadi uone chembe zenyewe, usilengeshe kwa umbo la picha. Ongeza mwanga hadi sehemu tupu ya mkanda, ile kati ya fremu na fremu, ikaribie ukingo wa kulia wa histogramu bila kuugusa. Zima taa ya chumba, funika paneli yote kwa kadi nyeusi ubakize dirisha la fremu tu. Mwanga unaoingia pembeni unapunguza kontrasti na watu wanalaumu divelopa bure.

Kugeuza negativu iwe picha: programu ya darktable ina moduli ya negadoctor yenye chaguo la mkanda mweusi na mweupe, na ni ya bure. RawTherapee pia. Ukishaandaa standi, mkanda wa fremu 36 unakwisha ndani ya nusu saa. Plustek unasogeza fremu kwa mkono moja moja, kwa ubora wa juu ni jioni nzima.

skana_mezani

Mkuu fundi_lenzi umemaliza kwa 35mm, sina ubishi. Niitetee V600 pale inapostahili: mkanda wa 120, ule mpana kuliko 35mm. Fremu ya 6×6 kwa hizohizo dpi 1,500 inatoa zaidi ya pikseli 3,200 kila upande, chapa nzuri kabisa, na unaweka kipande, unabonyeza, unaendelea na kazi nyingine. Plustek haipokei 120 kabisa.

Kwa wanaoitumia: skani kwa 2400 au 3200, zaidi ya hapo unanunua ukubwa wa faili tu. Chagua kijivu cha biti 16, zima kunoa na zima kuondoa vumbi. Mkanda uliojikunja ukigusa kioo unatoa duara duara kama mafuta juu ya maji. Laza vipande chini ya vitabu vizito siku nzima kabla ya kuskani. Hiyo inamhusu hata anayetumia kamera.

Mwambao35

Nimeelewa. Nachukua ID-11 na 1+3 kwenye ml 600, FP4 nitaijaribu kwa Rodinal baadaye. Kuskani natafuta 55mm na ringi. Bado mambo mawili: fiksa inakaa muda gani kwa joto hili, na maji yetu ya kisima yana chumvi, yanaacha madoa kila ninaposuuza vyombo. Mkanda je?

chumba_giza

Fiksa usiipime kwa kalenda. Chukua kipande cha ulimi wa mkanda, kile unachokata kabla ya kupakia, kitumbukize kwenye fiksa kwenye mwanga wa kawaida, hesabu sekunde hadi kiwe kiangavu. Muda huo zidisha mara mbili, ndio muda wako wa fiksa. Mikanda ya T-Max na Delta zidisha mara tatu. Andika kwenye chupa muda wa siku ilipokuwa mpya. Siku muda wa kuangaza ukifika mara mbili ya ule wa kwanza, fiksa imechoka. Rapid Fixer ya Ilford 1+4, yaani ml 120 + maji 480, lita yake moja inabeba mikanda 24, kwa hiyo ml 600 ni kama 14.

Ukikosa fiksa ya maji, tumia ya fuwele iitwayo "hypo" kutoka maduka ya kemikali za maabara: thiosalfeti ya sodiamu gramu 250 kwa lita, muda dakika 10. Inapoyeyuka inavuta joto, maji yanakuwa baridi kabisa, kwa hiyo anza na ya moto kisha subiri yarudi kwenye joto la dawa nyingine. Kati ya divelopa na fiksa, siki nyeupe ya asilimia 5 ukiichanganya 1+4 inatosha kusimamisha kazi, sekunde 30. Kwa "hypo" hii na kwa Caffenol tumia maji matupu, badilisha mara tatu.

Kusuuza kwa maji machache: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, mara 10, mwaga. Jaza, mara 20, mwaga. Kwa hatua hizi maji ya kisima yanafaa. Maji ya mwisho ndiyo yasiwe ya kisima. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, lakini soma lebo: unataka yale ya kuongezea, yaliyochujwa kwa mvuke. Chupa iliyo karibu yake rafuni inaweza kuwa asidi ya betri. Tia Ilfotol (dawa ya kufanya maji yateleze bila kuacha matone) ml 3 kwenye ml 600, loweka dakika moja, tundika bila kupangusa. Vidole na sponji ndivyo vinavyochora mistari mirefu ya mkwaruzo.

Kausha bafuni, mlango umefungwa, bila feni. Kwa unyevu wa pwani usikate mkanda kabla hayajapita masaa manne. Ukiuingiza kwenye mifuko ukiwa na unyevu unaota kuvu. Rili za plastiki nazo zikibaki na tone moja la maji mkanda unanasa nusu ya njia. Ndani ya mfuko wa giza mikono inatoa jasho, pakia haraka au washa feni ya chumba kabla ya kuanza.

Nairobi_Nyeusi

Niongeze namna ya kusoma mkanda ukitoka, maana kila kasoro ina chanzo chake.

Tazama herufi za pembeni, jina na namba za fremu. Zilichomwa kiwandani, hazijui kamera yako. Herufi nyeusi vizuri lakini picha nyepesi: ulipima mwanga vibaya, divelopa haina kosa. Herufi nazo zimefifia: divelopa imechoka, muda mfupi au kiasi kidogo. Hakuna herufi kabisa, mkanda mtupu: divelopa ilikufa au fiksa ilitangulia. Mkanda una utusitusi wa maziwa: fiksa haijamaliza, rudisha kwenye fiksa mpya, unapona. Alama kama mwezi mchanga: uliukunja wakati wa kupakia. Vidoa vya duara vyenye ukingo safi: viputo, hukugonga tangi.

skana_mezani

@Mwambao35 fiksa iliyochoka usiimwage kwenye sinki wala shimo la choo. Ina fedha iliyoyeyuka, na fedha hiyo inaua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya shimo. Iweke kwenye dumu lenye alama, tumbukiza stiliwaya ya chuma cha kawaida, ile inayoshika kutu, kwa siku kadhaa. Chuma kinayeyuka na fedha inaganda chini kama tope jeusi. Stiliwaya isiyoshika kutu haifanyi chochote. Lile tope likauke, lihifadhi kwenye kopo. Sonara au fundi wa fedha anaweza kulipokea likifikia kiasi. Dumu liandikwe SUMU kwa herufi kubwa, na chupa za divelopa vilevile, hasa kama zilikuwa za soda au maji ya kunywa.